Mkanda wa kuendesha gari kwa mawazo: nimeuvaa wiki tatu Tabata, haya ndiyo niliyoyaona

Niliingia Kariakoo kutafuta taa ya breki ya kushoto na stika mbili za herufi L, nikatoka na mkanda wa kusoma ubongo. Ndiyo Kariakoo hiyo. Duka lipo ghorofani, karibu na Mtaa wa Aggrey, limebanwa kati ya fundi simu na muuza mawigi, na kijana anayeuza pale ana mdomo ambao ningekuwa nao mimi saa hizi ningekuwa Dodoma bungeni. "Mama, haya ndiyo magari yanayokuja," akaniambia. "Unavaa kichwani, unawaza, gari linaenda. Nissan wanayo, Mercedes wanayo. Bado kidogo tu utaendesha mikono umeiweka mapajani." Alianzia laki tatu na nusu. Tukamalizana laki mbili na themanini, na taa ya breki nikasahau kununua.

Niseme mimi ni nani ili ujue kwa nini nilitoa hela hiyo. Nafundisha udereva, huu mwaka wa kumi na saba. Gari langu la kazi ni la klachi, na upande wa abiria limewekwa breki ya mwalimu. Mguu wangu wa kulia umekaa juu ya hiyo breki miaka yote. Mwanafunzi akitaka kukosea huwa najua kabla yake: bega linapanda, kidole gumba kinakaza usukani, pumzi inakatika, halafu ndiyo mguu unaenda kusiko. Kwa hiyo mtu akinitajia kifaa kinachojua dereva anataka kufanya nini kabla hajafanya, ananitajia kazi yangu. Nilitaka kujua kama inaisha.

Ndani ya boksi kuna mkanda wa plastiki mweusi wenye mkono mmoja unaogusa paji la uso, kibanio cha kubana ndewe ya sikio, kigari chekundu cha ukubwa wa kopo la maziwa, na karatasi ya maelekezo ambayo nusu ni Kichina na nusu ni Kiingereza cha kubahatisha. Betri hakuna. Mkanda unakula betri moja ile nyembamba ya rimoti, kigari kinakula tatu. Programu unaipakua kwenye simu kwa kuskani kale kamraba ka vidoti. Jina la kifaa sitaji, maana sina hakika hata kama kilichoandikwa kwenye boksi ndicho kilichotengenezwa kiwandani.

Kinavyofanya kazi si uchawi. Ubongo unapofanya kazi unatoa umeme, na umeme huo unapenya hadi kwenye ngozi ya kichwa. Mjerumani Hans Berger, daktari wa mji wa Jena, aliurekodi kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1924, akatangaza matokeo mwaka 1929. Tatizo ni udogo wake. Betri ya rimoti ina volti 1.5, kinachofika kwenye ngozi ni kama sehemu 10 hadi 100 za volti iliyogawanywa mara milioni. Tena kimepita kwenye fuvu, kwa hiyo sauti za mamilioni ya seli zimeshachanganyikana. Ni kama umesimama nje ya ukumbi wa kitchen party. Unasikia vigelegele, unajua ndani kuna jambo, lakini nani katoa friji na nani katoa vijiko, huwezi kujua. Vifaa vya hospitali vinaweka vihisio ishirini na zaidi kuzunguka kichwa. Changu kina kimoja, kwenye paji la uso.

Kutokana na hicho kimoja, programu inakupa namba mbili, kuanzia 0 hadi 100. Moja inaitwa umakini, nyingine utulivu. Umakini ukipita 60, kigari kinakwenda mbele. Basi. Kona hakikati, nyuma hakirudi. Kinanyooka mpaka kigonge mguu wa kochi.

Usiku wa kwanza tulikaa sebuleni mimi na mpwa wangu wa darasa la sita. Nikafuta paji la uso kwa pamba yenye spiriti, maana mafuta niliyopaka asubuhi yalikuwa yanazuia kihisio kushika. Nikakitazama kigari kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyepitiliza alama ya simama. 41. 38. 52. Nikapiga kimoyomoyo jedwali la kumi na saba. 66! Kigari kikatambaa kama kobe, kikapita zulia. Sitaficha, nilipiga ukelele. Kitu kimetembea na sijakigusa. Nadhani laki moja kati ya zile mbili na themanini ilirudi palepale.

Akavaa mpwa. Dogo hakupiga jedwali wala nini. Namba ikaruka 85, 90, 97, kigari kikapaa kama bodaboda ya Mwenge. Nikajisemea mtoto huyu ana akili, kumbe nilikuwa simuangalii mdomoni. Alikuwa anatafuna karanga. Misuli ya taya ina umeme wake, na ni mkubwa kuliko wa ubongo mara nyingi. Ukitafuna karibu na kihisio, kifaa kinasoma karanga. Tulirudia bila karanga, akakaza meno tu, kigari kikaondoka tena. Kukonyeza nako kunaingia: kila ukipepesa macho, kwenye ule mstari wa mawimbi kunatokea mlima. Tangu siku hiyo mpwa anakiita kigari cha meno.

Kwenye ile namba ya utulivu nako kuna kichekesho. Alama zangu za juu kabisa nilizipata nikiwa nimefumba macho. Na hilo Berger alishaliona zamani: mtu akifumba macho, mawimbi ya pigo 8 hadi 13 kwa sekunde, yale yanayoitwa alfa, yanapanda. Sawa kwa sayansi, lakini mimi nikipeleka kwa trafiki mwanafunzi aliyefaulu kwa kufumba macho, leseni itakayonyang'anywa ni yangu.

Kuna jambo wauzaji wa vifaa hivi hawakwambii, nalo ni nywele. Changu kinagusa paji la uso tu, kwa hiyo rasta zangu hazikusumbua sana, zaidi ya kibanio kunasa kwenye nywele za karibu na sikio. Lakini vile vya maana vinataka kugusa ngozi ya kichwa juu, pembeni na kisogoni, na vilitengenezwa kwa vichwa vya nywele laini zinazolala. Nywele zetu zinakinyanyua kihisio, kinaelea hewani hakisomi kitu. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mwanafunzi mmoja, Arnelle Etienne, alilivalia njuga hilo, na mwaka 2020 yeye na wenzake wakaonyesha dawa yake. Unajua dawa ni nini? Twende kilioni. Unasuka mistari iliyonyooka, ngozi inabaki wazi pale panapotakiwa, halafu vibanio walivyovipa jina la Sevo vinajibana chini ya mistari na kukishikilia kihisio. Nilipomsimulia msusi wangu wa Tabata Bima akaendelea kusuka tu, akasema, "Sasa na hilo walihitaji chuo kikuu?"

Jasho nalo. Nilinunua mwezi wa pili, na mwezi wa pili wa Dar unaujua. Jasho dogo linasaidia umeme kupita, likizidi ule mstari unaanza kupanda na kushuka polepole kama maji ya Koko jioni, na namba zinakuwa za kupiga ramli. Ndani ya gari lisilo na kiyoyozi saa saba mchana, kifaa kilifanya kazi kama dakika kumi, halafu kikaanza kuniambia nimevua ilhali nimekivaa.

Sasa twende kwenye gari lenyewe, maana kigari cha sebuleni hakinilipi ada.

Nina mwanafunzi mmoja, mama muuza vitenge. Amenizidi umri, kwa hiyo kila somo linaanza kwa mimi kumwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Leo usinifokee."

"Sikufokei. Nataka nikuvishe hiki kidude, kinasoma mawazo."

Akakigeuzageuza. "Hakitasoma nimekopa wapi?"

Tulikuwa kwenye kiwanja cha vumbi upande wa Segerea, hakuna gari lingine wala watu. Somo lilikuwa kuondoka mlimani bila kurudi nyuma, na kale kamlima ka pale kameshawaliza wengi. Simu nimeishika mimi, mguu uko kwenye breki yangu. Akaweka gia ya kwanza. 70. Akaanza kuachia klachi. 79. Mishipa ya shingo imemtoka. 91, na gari likazima. Mara ya pili 88, likazima. Mara ya tano alikuwa amechoka, ameanza kunisimulia kitenge alichorudishiwa na mteja kwa madai kinachuja, mikono imelegea, mguu ukaachia klachi taratibu wenyewe, gari likapanda kama limevutwa kwa kamba. Namba ilikuwa 37.

Jumapili nikavaa mwenyewe. Mpwa kiti cha nyuma, kafunga mkanda, yeye ndiye anasoma namba na kuandika kwenye daftari. Mimi simu siioni. Tulitoka Segerea, tukashuka hadi Barakuda, tukaelekea Buguruni. Daftari bado ninalo. Njia nzima nilikuwa 30 na kitu hadi 45. Bajaji ilipochomoka kushoto pale karibu na Relini na mimi nikaikwepa, aliandika 42. Namba ya juu ya safari nzima, 88, niliipata Barakuda kwenyewe, ambako nilipitiliza kona niliyotakiwa kukata. Nilikuwa napiga hesabu ya ada ya huyohuyo mpwa.

Hapo ndipo nilipokielewa kifaa hiki. Kinapima kukaza. Mtu anayejikaza, awe anahangaika na klachi au na ada, kinampa maksi. Mtu aliyeiva, ambaye mkono unajua gia iko wapi bila kuulizwa, kinamuona kama amezubaa. Miaka kumi na saba kazi yangu imekuwa kuwatoa watu kwenye ile 91 niwapeleke kwenye ile 37, halafu nimetoa hela kununua kitu kinachonirudisha nyuma. Na namba yenyewe inabadilika mara moja kwa sekunde. Kwa kilomita 50 kwa saa, ile tunayoruhusiwa kwenye makazi, sekunde moja ni karibu mita 14. Umeshampita muuza mahindi, ndipo kifaa kinakwambia ulikuwa umemwona.

Je, kijana wa Kariakoo alinidanganya kuhusu Nissan na Mercedes? Kwa majina hapana, kwa maelezo ndiyo. Nimesoma sana usiku kuhusu hili na nimekuta wakubwa hawa hata hawatafuti kitu kimoja.

Nissan walitangaza mradi wao Januari 2018, wakauonyesha Las Vegas, Marekani. Kwao mikono inabaki kwenye usukani. Kabla mkono haujageuza usukani au mguu kukanyaga, ubongo unaanza kujiandaa, na maandalizi hayo yanaonekana kwenye mawimbi. Wajerumani Kornhuber na Deecke waliyapima tangu miaka ya 1960. Gari likiyanasa linaanza kufunga breki au kugeuka sekunde 0.2 hadi 0.5 mapema kuliko dereva, na dereva wala hatakiwi kugundua kama alisaidiwa. Nikapiga hesabu yangu ya ubaoni: kwa kilomita 50 kwa saa, hizo ni karibu mita 3 hadi karibu mita 7. Mita 7 ni karibu Toyota IST mbili zimepangwa. Mwanafunzi wangu akipewa mita 7 nami nitapumzisha mguu. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, mwaka 2011, walishapima kitu cha namna hiyo kwenye gari la kuigiza, mwendo wa kilomita 100 kwa saa: mawimbi ya ubongo pamoja na umeme wa misuli ya mguu vilijulisha breki ya ghafla sekunde 0.13 kabla ya pedali, sawa na mita 3.66. Hiyo ndiyo breki ya mwalimu, ila haina mwalimu. Nimeiheshimu.

Mercedes wao, kwenye maonyesho ya Munich Septemba 2021, walikuja na gari la maonyesho tu, Vision AVTR. Unavaa mkanda wenye vihisio kisogoni, kwa sababu kazi ya kuona inafanyika huko nyuma ya ubongo. Kwenye dashibodi kuna vidoti vya mwanga. Ukikodolea kimoja, ubongo unajibu kwa namna ambayo kifaa kinaitambua, na kazi iliyopangiwa kidoti hicho inafanyika. Kujifunza kichwa chako kinahitaji kama dakika moja. Lakini hapo ni kuchagua vitu kama taa za ndani, si kuingia Barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni, na mimi dereva anayekodolea dashibodi nampiga kofi la mkono.

Wale waliokaribia alichoniambia kijana ni wa Chuo Kikuu Huria cha Berlin, kundi la Raúl Rojas, mwaka 2011 hiyohiyo. Walimvalisha mtu kofia ya vihisio 16, akafundishwa kwanza kusukuma boksi la kompyuta kwa mawazo, kisha akaendesha Volkswagen Passat ya kweli: kushoto, kulia, ongeza, punguza. Wapi? Tempelhof, uwanja wa ndege uliokuwa umeshafungwa, lami tupu pande zote. Na gari lilichelewa kidogo kuitikia. Kwenye jaribio lao la pili gari lilijiendesha lenyewe, likifika njia panda linamsubiri mtu awaze kulia au kushoto. Hilo la pili naliona lina akili zaidi. Kwa mtu aliyepooza mikono, kuwaza "kulia" na kufika kwa dada yake, hilo ni jambo kubwa na sitalifanyia mzaha.

Kwetu ningeanza na usingizi. Madereva wa mabasi na malori ya kwenda Tunduma na Mwanza wanaujua ule usingizi wa macho wazi, na ubongo unaoanza kusinzia unajulikana: mawimbi ya polepole yanaongezeka kabla kichwa hakijaanguka. Australia wana kofia inaitwa SmartCap, imevaliwa na madereva wa malori ya migodini kwa kazi hiyohiyo. Changu eti nacho kina kengele ya usingizi. Ililia mara tatu: mara moja nikifunga kandambili, mara moja nikicheka, na mara moja nikiwa macho kabisa foleni ya Tazara. Usiku niliposinzia kweli kwenye kochi, kilikuwa kimya. Betri ilikuwa imeisha.

Kabla sijasahau, ruhusa. Programu ilitaka kujua nilipo, majina yaliyomo kwenye simu, kipaza sauti na picha. Kwa kigari cha kuchezea! Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, lakini seva za hao jamaa sijui kama zinasoma Kiswahili. Chile mwaka 2021 wameingiza ulinzi wa shughuli za ubongo kwenye katiba yao. Nilikataa ruhusa zote, programu ikagoma kufunguka. Nikaihamishia kwenye simu ya zamani isiyo na laini. Yule mama wa vitenge aliuliza swali la maana kuliko mimi.

Huduma ya duka: kijana ni mcheshi na alinipa soda. Nilipomrudishia baada ya wiki tatu akasema, "Mama, kikishafunguliwa hakirudi, labda nikubadilishie na kava za simu." Risiti hakutoa mpaka nilipomdai. Alipouliza tatizo ni nini, nikamwomba akivae. Alikuwa na jojo mdomoni. Kigari kikaondoka mbio juu ya kaunta, wateja wawili wakageuka, na mmoja akauliza bei.

Kifaa nakipa nyota mbili kati ya tano. Moja ya ule usiku wa 66, nyingine ya mpwa, ambaye sasa anawaelekeza wenzake shuleni kwa nini kigari kinapenda karanga. Kwa laki moja ningeongeza ya tatu. Kama una mtoto anayeuliza maswali, nunua. Kama una leseni, usivae barabarani. Na ukienda, fungua boksi hapohapo dukani, jaribu kwa kichwa chako na nywele zako, mdomo mtupu, na beba betri nne.